Kwa nini wanaomtesa Cendrillon si dada zake wa damu?

SWALI: Nafundisha mwaka wa tatu wa shule ya msingi huku Katuba, Lubumbashi. Nilipowasomea watoto Cendrillon (Cinderella), hadithi ya msichana anayeteswa na mama wa kambo na binti zake, msichana mmoja alisema: "Cendrillon ni mimi." Yeye ni kifungua mimba, wazazi wake wote wawili wako, na mama yake namjua, hana ubaya. Nasikia wanasaikolojia wanaiona hadithi hii kuwa ya wivu wa ndugu. Lakini watesi ni watoto wa mama wa kambo! Wivu wa ndugu uko wapi hapo? Na je, nimweleze mtoto maana hiyo?

JIBU: Mama mwalimu, huko kuwa wa kambo ndiko kunakofungua fumbo. Mwanasaikolojia Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha 1976 kuhusu hadithi za kale za watoto, anaeleza kwamba mtoto huona haya na hofu kukiri kuwa anamchukia mtu wa tumbo moja naye. Hadithi inampa ruhusa: wabaya si wa damu, basi wachukiwe bila dhambi. Mama naye anagawanywa, mwema amekufa na mkali ni wa kambo. Ndugu Grimm, Wajerumani waliokusanya hadithi hizi, tunaweza kuwakamata wakifanya kazi hiyo kwa mikono yao: katika chapa ya 1812, anayetaka Blanche-Neige (Snow White) auawe ni mama yake mzazi, kufikia chapa ya 1819 amekuwa mama wa kambo.

Kuhusu kifungua mimba, mwanasaikolojia Alfred Adler alimfananisha na mfalme aliyeshushwa kitini. Alikuwa na wazazi peke yake, akaja mdogo. Kwa yaya, yaani dada mkubwa, wa miaka minane, kubebeshwa mtoto mgongoni wenzake wakicheza ni mateso ya kutosha, hata kama mama hana ubaya wowote.

Mimi lakini simfuati Bettelheim mpaka mwisho. Mwanahistoria Robert Darnton alimkosoa mwaka 1984: wakulima wa Ufaransa waliosimulia hadithi hizi waliishi na njaa, na mama wa kambo walijaa vijijini kwa sababu wanawake walikufa mapema. Wasimulizi wetu wa Kiluba nao hawakuhitaji kuficha damu. Katika masimulizi yao, mfalme Nkongolo anamchimbia mpwa wake Kalala Ilunga shimo la mikuki, analifunika mkeka, kisha anamwita aje acheze ngoma juu yake. Pale kinachogombewa ni utawala, na anayetafuta vidonda vya utotoni peke yake atapitwa na hadithi.

Kumweleza mtoto? Hapana, na hata Bettelheim alikataza. Ukimwambia "wewe unamwonea wivu mdogo wako", umemnyang'anya kile kificho alichopewa na hadithi. Mwache achore, asimulie upya, abadilishe mwisho apendavyo. Kwa Perrault, mwandishi Mfaransa (1697), dada wanasamehewa na kuozwa. Kwa Grimm, kuanzia 1819, njiwa wanawatoboa macho. Watoto wengi huchagua njiwa. Usishtuke.

Mama yake ndiye wa kuongea naye. Watafiti Judy Dunn na Carol Kendrick, waliofuatilia familia 40 huko Cambridge, Uingereza, na kuchapisha mwaka 1982, waliona kwamba pale mama alipozungumza na mkubwa kuhusu mtoto mchanga kama mtu mwenye haja zake ("unadhani analilia nini?"), ndugu walielewana zaidi baadaye.

Ila neno la mtoto lile halithibitishi wivu. Mwulize taratibu, mkiwa wawili: nyumbani nani anafanya kazi gani, nani anakula lini, nani anapigwa. Akitaja kipigo au kunyimwa chakula, weka Cendrillon kando na umchukue kwa neno lake, hata kama mama unamjua.