Maswali ya Wasomaji: Je, kaburini mwa Ptahhotep kuna picha ya kiumbe wa sayari nyingine?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mwanangu wa kidato cha pili alinionyesha kwenye simu video inayosema kwamba ndani ya kaburi la kale huko Saqqara, Misri, amechongwa kiumbe wa sayari nyingine, mwenye kichwa kikubwa na macho meusi, akiwa katikati ya watu. Video hiyo ilidai kwamba viumbe hao ndio waliowafundisha Wamisri kujenga makaburi na piramidi, kwa kuwa binadamu wa zama zile wasingeweza. Shemeji yangu alikuwepo, naye akaunga mkono, akasema hata milango ya mawe isiyofunguka iliyomo makaburini ni njia za kuendea angani. Sikuridhika, lakini sikuwa na la kujibu. Naomba mnieleze picha ile ni ya nini, milango ile ni ya nini, na kama upo ushahidi wowote kuhusu watu waliojenga. Mwanangu anataka kuyaandika hayo katika kazi ya somo la Historia.
Mama mzazi, Majengo, Moshi

JIBU: Mama, ahsante kwa barua yako. Picha hiyo ipo kweli, na kaburi lenyewe linajulikana vizuri. Ni kaburi la Ptahhotep, ofisa wa ngazi za juu katika serikali ya Farao mwishoni mwa ukoo wa tano wa watawala wa Misri, zaidi ya miaka 4,300 iliyopita. Liko Saqqara, kusini mwa jiji la Kairo, ndani ya jengo moja na kaburi la baba yake, Akhethotep.

Kilichochongwa pale ni chombo cha maua. Ua la yungiyungi na majani yake yaliyotandaa juu ya chombo ndiyo yanayosomwa kama kichwa, na chombo chenyewe kama kiwiliwili. Mchongo ni wa kina kifupi, rangi yake imefifia, na mwanga ukiupiga kutoka pembeni vivuli hujikusanya mahali ambapo jicho letu liko tayari kuona sura. Lakini linalopotosha zaidi ni namna picha ilivyokatwa. Anayeuona ukuta mzima huona safu za watu wanaoleta vyakula na zawadi: mapaja ya ng'ombe, mabata, mikate, matunda, mboga na maua. Chombo kile kiko miongoni mwa zawadi hizo, na hakuna hata mtu mmoja katika safu anayekigeukia kwa mshangao, wala kukiinamia, wala kukikimbia. Kama angekuwa mgeni aliyeshuka kutoka angani, lingekuwa jambo la ajabu sana kwamba wabebaji wote walimpita wakiendelea kushika miguu ya ng'ombe.

Yungiyungi nalo halikuwekwa pale kwa urembo tu. Yungiyungi la buluu, ambalo huota pia katika mabwawa ya huku kwetu Afrika Mashariki, huchanua asubuhi na kujifunga jua linapozidi kupanda, kisha siku inayofuata huchanua tena. Wamisri waliliona hilo kila siku kandokando ya Mto Naili, wakalifanya kuwa alama ya jua na ya kuzaliwa upya. Ndiyo maana limejaa makaburini: wafu na wageni wao wanalinusa, limezungushwa kwenye shingo za mitungi, limelazwa juu ya marundo ya vyakula. Mwanao akitafuta picha za makaburi mengine ya Saqqara ambayo rangi zake zimesalia, atalikuta ua hilo mara nyingi, na hapo hatahitaji mimi wala shemeji yako kumweleza chochote.

Nije kwenye milango, kwa kuwa hapo ndipo penye ufunguo wa jengo lote. Makaburi ya maofisa wa wakati huo yalikuwa na sehemu mbili. Chini ya ardhi kulikuwa na chumba cha maiti, kilichofikiwa kwa shimo refu ambalo baada ya mazishi lilijazwa mawe na kifusi ili pasiwe na mtu wa kuingia tena. Juu ya ardhi kulikuwa na jengo la mstatili lenye paa bapa na kuta zilizoinama kidogo kuelekea ndani, nalo lilibaki wazi kwa walio hai. Jamaa na makuhani waliingia humo kuleta mikate, bia na nyama kwa ajili ya roho ya marehemu, ambayo kwa imani yao ilihitaji kula kama ilivyokuwa ikila duniani. Sasa, marehemu yuko chini na shimo limezibwa, chakula kitamfikiaje? Kwa mlango huo wa jiwe. Ulichongwa kwenye ukuta wa magharibi, upande wa jua linakozama na ambako waliamini ndiko iliko nchi ya wafu. Ulitengenezwa mfano wa mlango wa nyumba, wenye miimo, kizingiti na hata mkeka uliokunjwa juu, ukaandikwa jina na vyeo vya marehemu pamoja na maombi ya kupewa mikate, bia, ng'ombe na ndege. Mbele yake liliwekwa bamba la jiwe la kupokelea sadaka. Walio hai waliishia pale. Roho pekee ndiyo iliyoaminika kupita.

Kwa hiyo shemeji yako hakukosea kusema kwamba mlango ule ulikuwa wa kupitia, ila aliyepita alikuwa mwenye kaburi, akija kula. Maombi yaliyoandikwa pale yanasomeka, maana maandishi ya Misri ya kale yamekuwa yakisomwa tangu Jean-François Champollion alipotangaza ugunduzi wake mwaka 1822, na yanayotajwa humo ni mahitaji ya nyumbani kabisa.

Katika baadhi ya makaburi hayo kulikuwa pia na chumba kidogo kilichozibwa pande zote, chenye sanamu ya marehemu ndani yake na tundu jembamba ukutani ili moshi wa ubani umfikie. Kaburi la ofisa mwingine, Ti, hapohapo Saqqara, linacho chumba cha namna hiyo. Sanamu halisi imehamishiwa jumba la makumbusho Kairo na nakala yake imewekwa mahali pake, kwa hiyo anayechungulia tunduni leo hukutana na uso wa mwenye nyumba.

Nimelieleza jengo kwanza kwa sababu bila kulijua huwezi kuzisoma picha zake. Kila kitu ukutani kilikuwa na kazi. Kama watoto wa marehemu wangechoka kuleta mikate, mikate iliyochongwa ingeendelea kumlisha. Kama shamba lingeuzwa, ng'ombe wa ukutani wangebaki wake. Hata ukubwa wa watu ulifuata kanuni: mwenye kaburi huchorwa mkubwa mara kadhaa kuliko watumishi, kwa sababu ya cheo. Wapo wanaozitumia picha hizo kudai kwamba Misri ilikuwa na majitu. Wangezitazama kuta hizo kwa makini, katika baadhi yake wangemwona mke wa mwenye kaburi amechorwa mdogo, akifika magotini kwa mumewe.

Kuhusu waliojenga, mama, ushahidi ni mwingi, na mmojawapo umo ndani ya kaburi hilohilo la Ptahhotep. Kwenye ukuta wenye picha za uwindaji, michezo ya vijana na mabaharia wanaopigana kwa miti ya kuendeshea mitumbwi, mtu mmoja ameketi mtumbwini, mbele yake kuna vyakula, na kijana anamnywesha kutoka kwenye chombo. Jina lake limeandikwa: Niankhptah, mkuu wa wachongaji. Wataalamu wengi wanaamini kwamba huyo ndiye fundi aliyesimamia kazi ya kuta hizo, akapewa nafasi ya kujiweka humo yeye mwenyewe, akiburudika. Mafundi wengi mno wa zama zile hawakuacha majina, na mimi hufurahi sana kila ninapokumbuka kwamba huyu aliacha. Inaniuma kwamba video inayotazamwa na watu wengi inaingia katika chumba chake, inakata chombo cha maua, inatangaza kuwa kazi si ya watu, na inampita mwenye kazi akiwa ameketi pale na jina lake.

Majengo yenyewe nayo yanaonyesha watu wakijifunza. Makaburi ya wafalme wa mwanzo yalikuwa ya matofali ya udongo. Karibu mwaka 2650 KK Farao Djoser alijengewa kaburi la mawe hapo Saqqara. Mafundi walianza na jengo bapa, wakalipanua, kisha wakapandisha ngazi juu ya ngazi hadi zikawa 6, na kazi hiyo inahusishwa na ofisa wake Imhotep. Baadaye, chini ya Farao Sneferu, mafundi wa Dahshur walianza piramidi yenye mteremko mkali wa takribani nyuzi 54. Jengo lilipoonyesha dalili za kulemewa, wakapunguza hadi nyuzi 43 hivi wakiwa katikati ya kazi. Piramidi hiyo bado imesimama, na mahali ilipopindwa panaonekana kwa mbali. Iliyofuata waliijenga kwa mteremko wa chini tangu msingi, na katika utawala wa Khufu, mwana wa Sneferu, ndipo ikaja piramidi kubwa ya Giza, iliyofikia takribani mita 146. Hiyo ni njia ya mafundi waliojaribu, wakarekebisha, wakaendelea. Mwalimu mwenye elimu ya kusafiri kati ya nyota asingehitaji kubadili mteremko jengo likiwa limefika nusu.

Kwa piramidi hiyo ya Khufu tunayo hata kumbukumbu za kazi. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Pierre Tallet walipata karatasi za mafunjo huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu. Miongoni mwake kuna shajara ya msimamizi aliyeitwa Merer, aliyeandika siku baada ya siku jinsi kikosi chake kilivyosafirisha kwa mashua mawe ya chokaa kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, mahali walipolala na safari walizofanya. Makaburi ya wajenzi wenyewe yamechimbuliwa Giza tangu mwaka 1990, na baadhi ya mifupa iliyopatikana ilikuwa imevunjika ikaunga tena, jambo linaloonyesha kwamba majeruhi walitunzwa. Kuhusu uzito wa mizigo, kaburi la Djehutihotep, kiongozi wa jimbo aliyeishi karibu miaka 3,900 iliyopita, lina picha ya sanamu kubwa mno ikiburutwa na watu 172 kwa kamba, na kwenye sehemu ya mbele ya chombo cha kuburutia amesimama mtu anayemwaga maji chini. Mwaka 2014 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walipima jambo hilo wakaona kwamba mchanga ukilowa kwa kiasi kinachofaa, nguvu ya kuvutia hupungua kwa karibu nusu.

Yapo madai mengine ambayo huenda mwanao atakutana nayo, kama ile “helikopta” ya Abydos. Hiyo ni michongo inayoonekana kama helikopta, iliyomo katika hekalu la Farao Seti wa Kwanza: maandishi ya vyeo vyake yalizibwa kwa plasta na kuchongwa upya kwa vyeo vya mwanawe, Ramses wa Pili, kisha plasta ikadondoka, yakabaki maandishi mawili yaliyopandana.

Neno moja zito kwa shemeji yako, na nalisema kwa heshima. Kauli kwamba “binadamu wa zama zile wasingeweza” sisi Waafrika tumeisikia kabla ya video hizi. Mpelelezi Mjerumani Karl Mauch alipofika Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa kale wa mawe, mwaka 1871 aliyahusisha maboma yake na Malkia wa Sheba, na hata baada ya uchimbaji wa mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 kuthibitisha kwamba yalijengwa na Waafrika, utawala wa walowezi haukupenda jambo hilo lisemwe wazi. Leo aliyewekwa mahali pa Malkia wa Sheba ni kiumbe wa angani, lakini anayenyang'anywa kazi yake ni yuleyule.

Kwa kazi ya shule, mwanao asiliache somo hilo, kwa maana ni zuri. Aitafute picha ya ukuta mzima, aeleze kila safu inafanya nini, kisha aonyeshe chombo kile kiko wapi. Na mkipata nafasi ya kusafiri kwa barabara ya Arusha kwenda Dodoma, simameni Kolo, wilayani Kondoa, mkaone michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wamo watu warefu, wembamba, wenye vichwa vilivyopambwa kwa namna ya ajabu. Mwachieni mtoto autazame mwamba wote kabla hajasema ni akina nani.

SWALI: Je, ni kweli kwamba kisu cha Tutankhamun kilitoka angani?
Msomaji, Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Chuma chake, ndiyo, kisu chenyewe kilitengenezwa na mhunzi. Howard Carter, aliyeligundua kaburi la Tutankhamun mwaka 1922, alikikuta kisu hicho mwaka 1925 alipokuwa akifungua sanda ya Farao huyo kijana, kikiwa kwenye paja lake la kulia, chenye mpini na ala ya dhahabu. Mwaka 2016 watafiti wa Italia na Misri walikipima kwa mionzi bila kukigusa, wakakuta nikeli inayokaribia asilimia 11 pamoja na kobalti, mchanganyiko unaolingana na vimondo vya chuma. Wakati huo Wamisri walikuwa bado hawajaanza kuyeyusha chuma kutoka kwenye mawe kwa wingi, kwa hiyo chuma kilikuwa adimu. Shanga za chuma cha vimondo zilizopatikana Gerzeh, Misri, ni za kale zaidi, za karibu mwaka 3200 KK, nazo zilifuliwa kwa nyundo hadi zikawa mabamba membamba, kisha zikakunjwa. Ukitaka kukiona chuma cha namna hiyo kabla hakijaguswa na nyundo, kipo hapa nchini: Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, chenye urefu wa takribani mita 3, kwa sehemu kubwa ni chuma na nikeli.