Mlinganyo kwenye Excel: andika usikike

Anayetumia kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini, hatazami lahajedwali zima kwa mara moja. Anahama seli hadi seli kwa mishale, akisikia kilichomo kwenye seli aliyofika. Sasa, mlinganyo ulioingizwa kwa Insert, kisha Equation, haukai ndani ya seli: Excel huuweka kwenye kisanduku kinachoelea juu ya seli. Mishale hupita chini yake kimya. Picha ya mlinganyo ni vilevile.

Kwa hiyo mlinganyo uandike ndani ya seli, kwa maandishi. Ukianza na alama ya sawasawa au ya kutoa, tanguliza ritifaa (') ili Excel isiuchukue kama fomula.

Mabano ndiyo yanayoumiza zaidi. NVDA, mojawapo ya visoma skrini, ikiwa na mpangilio wake wa kawaida haitamki mabano. Chukua (6 + 4) / 2, jibu 5. Msikilizaji hupata sita, jumlisha, nne, mkwaju, mbili; akikokotoa kwa taratibu za hesabu anapata 8, na hajakosea lolote. Anaweza kuongeza kiwango cha alama zinazotamkwa kwa kubonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) na P, lakini usimwachie yeye mzigo huo. Kwenye seli ya jirani andika kwa maneno: "fungua mabano, 6 jumlisha 4, funga mabano, gawanya kwa 2". Kistari cha kutoa chenye nafasi pande zote mbili nacho hupotea, kwa hiyo andika "toa".

Vipeo navyo viangalie. Ukiandika x2 kisha ukaipandisha 2 kwa Superscript, umebadilisha sura tu. Kinachosikika ni x mbili. Andika "x kipeo cha 2".

Fomula zinazokokotoa zina dawa nzuri: majina. Fomula ya riba =B2*B3*B4/100 humlazimisha mtu kurudi seli tatu kukumbuka kilichomo. Bonyeza Ctrl na F3, ipe kila seli jina, fomula iwe =Mtaji*Kiwango*Muda/100. Hapo riba inajieleza yenyewe. Jina lisiwe na nafasi, wala lisifanane na anwani ya seli kama B2. Kisha weka FORMULATEXT, kitendakazi kinachoonyesha fomula ya seli nyingine kama maandishi, kwenye seli ya pembeni ili fomula isomeke bila kubonyeza F2.

Kama kisanduku cha mlinganyo ni lazima kibaki kwa ajili ya wanaoona, bofya ukingo wake, kiwekee maandishi mbadala kwenye Alt Text, na kwenye seli A1 mwelekeze msomaji seli yenye maelezo. Usiunganishe seli kwa Merge.

Uliza pia msomaji anatumia sauti ya lugha gani. Maneno ya Kiswahili yakisomwa kwa sauti ya Kiingereza hayaeleweki. eSpeak NG, programu ya sauti inayokuja na NVDA, inayo sauti ya Kiswahili.

Check Accessibility, kikaguzi cha ufikivu cha Excel, itakuonyesha kitu kisicho na maandishi mbadala, lakini haijui kama maelezo yako ya hesabu ni sahihi. NVDA ni ya bure: iwashe, zima skrini, bonyeza Ctrl na Home, tembea kwa mishale na uandike karatasini unachosikia. Usipopata 5, rudi kwenye seli.