Anti, niache kazi nifungue banda la chips?

Safari hii barua za biashara zimezidi hata za ndoa, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti, kwamba pesa kidogo ipo, wazo lipo, ila kichwa hakijatulia. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu mana najua mko wengi mliosimama hapo hapo aliposimama huyu kijana.

SWALI: Shikamoo Anti. Nina miaka 27, naishi Kimara, nimeajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mshahara wangu laki tatu na nusu kwa mwezi. Nimejibana kwenye kikoba miaka miwili nimefikisha 2,800,000. Nataka kuacha kazi nifungue banda la chips Mbezi Mwisho, sio mbali na stendi ya Magufuli. Kibanda nimeshakiona, kodi elfu 80 kwa mwezi ila mwenyewe anataka ya miezi 6. Nimepiga hesabu nikiuza 90,000 kwa siku, viazi vinakula 28,000, mafuta 16,000, mayai 10,000, kijana wa kumenya viazi 7,000, mkaa 6,000, kodi kwa siku 3,000, tomato na vifungashio 3,000. Inabaki 17,000. Sasa shida iko kichwani. Kwenye simu nawasikiliza sana motivesheni spika, wanasema ajira ni utumwa, jilipue, jenga kwanza maindiseti ya kitajiri. Rafiki yangu ananishauri niongezee mkopo nianze kwa kishindo. Ila usiku silali, naogopa. Nitajuaje kama akili yangu iko tayari? Msomaji, Kimara.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo hofu usiione kama ugonjwa, ni akili yako inakuuliza maswali ambayo wewe bado hujayajibu, kwahiyo tukae chini tuyajibu.

Nimefurahi umeleta namba, wengi wananiandikia ndoto tupu. Tuchukue hizo hizo zako. 17,000 ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi ni 442,000. Mshahara wako ni 350,000. Maana yake unaacha kazi kwa ajili ya 92,000 ya ziada, na hapo umeuza 90,000 kila siku bila kukosa, tangu siku ya kwanza, wakati hakuna anayekujua pale. Sasa ije masika, mvua inapiga kuanzia mchana watu wanakimbilia daladala hakuna anayesimama kula, au uugue malaria, upoteze siku 5 tu. Siku 21 mara 17,000 ni 357,000. Umerudi pale pale kwenye mshahara, tofauti ni kwamba sasa unalala saa saba usiku na alfajiri unatakiwa Mabibo kutafuta gunia. Na hapo hatujaweka kodi ya serikali, mana mauzo hayo kwa mwaka ni zaidi ya milioni 28, hiyo sio biashara ya kujificha, nenda TRA, mamlaka ya mapato, uchukue TIN, yani namba ya mlipa kodi, ni bure, alafu uwaulize makadirio yako yatakuwaje kabla hujafungua.

Sikukatishi tamaa, chips zimesomesha watoto wa watu na zimejenga nyumba hapa hapa Dar. Nataka uione biashara yako ilivyo uso kwa uso, kwasababu kichwa cha biashara kinaanzia hapo, kukubali hesabu hata pale inapokuambia usichopenda kusikia.

Sasa nikueleze kilichoniangusha mimi. 2009 nilianza kuuza vitenge, mzigo nafuata Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo, nauza kwa majirani zangu Sinza na kwa wafanyakazi wenzangu. Jumamosi moja jioni nikafunga mlango nikakaa kitandani nikamwaga pochi, nikapanga noti kwa rangi, 186,000. Nilijisikia tajiri jamani. Nikatoa ya nyama, nikamalizia ada ya mdogo wangu, nikajinunulia na viatu kwasababu nimeteseka sana bana na mimi ni binadamu. Katika ile 186,000 faida ilikuwa 31,000 peke yake. Ile 155,000 ilikuwa vitenge vyangu, vimegeuka noti kwa muda tu vinasubiri kurudi Kariakoo kuchukua wenzao, na mimi nikavila. Niliendelea hivo miezi mitatu, kila wiki natoa kidogo, kila wiki mzigo unapungua na mimi nasema wateja wamepungua. Siku ya mwisho nikasimama mbele ya muuzaji yule yule wa jumla nina 40,000 mkononi, akaniuliza kwa uchangamfu wake, dada leo tunafunga pisi ngapi? Nikamwambia nimepita kukusalimia tu. Nikatoka mpaka Mnazi Mmoja nikakaa kwenye benchi nikalia.

Nguvu nilikuwa nazo na kujiamini nilijiamini, nilichokosa ni kujua kwamba pesa ya kwenye pochi ina mwenyewe. Biashara ni mtu mwingine, anakula chakula chake, ana madeni yake, na wewe umeajiriwa kumtunzia pesa. Ukishaingiza hilo kichwani hutochota kwenye droo kwasababu shemeji amekuja au mpira upo. Unajilipa kiasi ulichopanga, tuseme 10,000 kwa siku, unaandika kwenye daftari kama unavyomwandika yule kijana wa kumenya viazi, basi.

Na hili unaweza kulipima sasa hivi ukiwa kazini, huna haja ya kuacha kazi ndo ujue. Mshahara ujao toa 100,000 weka kwenye laini nyingine ya simu, iite pesa ya banda. Mwezi wa pili hivo hivo. Alafu jiangalie. Ukipigiwa simu kuna msiba Tanga utaigusa? Ukiona simu mpya utasema nakopa narudisha? Kama ndani ya miezi miwili umeshaigusa mara tatu basi jua na lile droo la chips utaligusa, tena haraka zaidi mana lenyewe litakuwa limejaa kila jioni.

Kipimo cha pili, tafuta mtu mwenye banda, sio pale Mbezi utakapofungua wewe, nenda hata Ubungo, mwombe umsaidie bure kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili, wiki nne. Umenye viazi ndoo kwa ndoo mpaka vidole vikunjamane, usimame mbele ya karai joto linakupiga usoni, mlevi akutukane eti chips zimepoa na wewe umwambie samahani kaka ngoja nikupashie. Utajifunza vitu ambavyo hakuna video itakufundisha, mfano viazi vikiwa na maji mengi vinakunywa mafuta na chips inalegea, au kwamba gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, ukilinunua ukadhani umepata kumbe katikati limejaa vidogo dogo vya kutupa. Na kuna jambo la aibu, mwanangu, hili watu hawalisemi. Yule fundi uliyekuwa unamuuzia simenti umevaa shati safi atakuja kukuta umejifunga aproni unanuka mafuta. Ukimwona kwa mbali utainama ujifiche chini ya meza au utamwita kwa jina, njoo kaka, leo unakula kwangu? Kama utamwita, hapo umeiva kuliko mtu aliyesikiliza semina mia.

Kuhusu kujilipua. Marehemu Reginald Mengi kila mtu anamtaja kwa mali zake, ila wachache wanasema alianzaje. Alikuwa mhasibu, miaka ya 1980 akaanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake huku ajira yake kwenye kampuni ya uhasibu ya Coopers & Lybrand ikiendelea, aliiacha 1989. Mtu mwenye taaluma ile na cheo kile hakuona haraka ya kuruka, wewe mwenye 2,800,000 nani anakukimbiza?

Ukishapita vipimo vyako na bado unataka, hiyo pesa igawe hivi. Kodi ya miezi 6 ni 480,000, jiko, karai, meza na kabati la kioo usizidi 700,000, tafuta vilivyotumika. Ya mzunguko 300,000. Alafu 1,050,000 ni mshahara wako wa miezi mitatu, hiyo ni ya kula na kulipia chumba wakati banda linatafuta wateja, isiguse viazi kabisa. Inabaki 270,000, iache kwa ajili ya lile usilolijua. Watu wengi wanamwaga yote kwenye vifaa, banda linang'aa, wiki ya tatu mwenyewe ana njaa anakula mtaji, mwezi wa nne kabati linauzwa kwa bei ya hasara.

Huo mkopo wa rafiki yako naomba uukatae. Mikopo ya kausha damu inataka rejesho kila wiki, wengine kila siku, na biashara changa haina damu ya kukaushwa. Anayekopesha kihalali anatakiwa awe na leseni, kuna sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 na Benki Kuu ndo inasimamia, asiyeweza kukuonyesha leseni usimpe hata kopi ya kitambulisho. Baadae ukiwa umesimama, jiunge na vijana wenzako mkaulize halmashauri ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, haina riba. Inaenda kwa vikundi na inahitaji uvumilivu, ila haikuamshi usiku.

SWALI: Anti shikamoo, nawapata kutoka Likoni, Mombasa. Nauza mahamri na mbaazi asubuhi mbele ya nyumba. Wateja ninao lakini nusu ni majirani na watu wa ukoo, wanachukua wanasema andika. Kitabu kimejaa na unga sina. Nikidai naambiwa nimekuwa na roho mbaya tangu nianze biashara. Nifanyeje? Mama wawili, Likoni.

JIBU: Marahaba dada yangu. Hiyo ya roho mbaya inauma, najua, hasa ikitoka kwa mtu mliyezaliwa nyumba moja. Ila hebu tupige hesabu. Tuseme hamri unauza shilingi 10 na faida yako ni 3, ile 7 ni unga, nazi, sukari, mafuta na kuni. Mtu akikukimbia na deni la shilingi 500 amekula mahamri 50, na 350 ya mfuko wako imekwenda nayo. Kuirudisha hiyo 350 kwa faida ya shilingi tatu tatu itabidi uuze mahamri 117. Yani uamke saa tisa usiku ukande na ukaange mahamri 117 kwa ajili ya mtu mmoja aliyesema andika, na mwisho wa siku hujapata kitu, umerudi ulipokuwa.

Kukopa harusi kulipa matanga, wazee waliyaona haya kabla yetu. Usigombane na mtu. Kesho funga kile kitabu, fungua kipya, na kiwe na ukurasa mmoja tu, shilingi 300 kwa watu wote kwa pamoja, zikijaa hakuna anayeandikwa mpaka mmoja alipe. Waambie hivi, unga wa kesho nanunua na pesa ya leo. Hilo mtu yeyote analielewa hata akinuna. Na kama kuna mzee au mgonjwa unataka umsaidie, mpe hamri mbili kama sadaka kwa moyo mmoja, usimwandike, kwasababu sadaka iliyoandikwa kwenye kitabu cha deni itakuja kukukorofisha na yeye bure. Ya zamani dai taratibu, kidogo kidogo, wakilipa 50 pokea na shukuru.

SWALI: Anti, niko Maskat nafanya kazi za ndani, mwaka wa pili sasa. Nilimtumia kaka yangu Morogoro pesa akanunua pikipiki ya bodaboda, tulikubaliana hesabu 10,000 kwa siku aniwekee. Miezi mitano sijaona kitu, leo tairi, kesho trafiki, keshokutwa mtoto anaumwa. Sasa anataka nimtumie ya pili eti mbili zinalipa. Nimejipanga kurudi nyumbani kufanya biashara, naomba ushauri. Dada wa Maskat.

JIBU: Mdogo wangu, pole na jasho la ugenini. Ya pili usitume. Kwa 10,000 kwa siku, siku 26, kwa miezi mitano ulitakiwa uwe na 1,300,000. Mpigie kaka kwa upole umuulize, hii pikipiki nilikupa au tunafanya biashara? Mwache ajibu mwenyewe. Akisema ulinipa, basi ni zawadi kwa familia, isamehe na usiitegemee, utapumua. Akisema ni biashara, muandikishane upya mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mtu mzima wa familia awe shahidi wako, matengenezo nani analipa, siku ya mapumziko ni ipi, hesabu iingie kwenye laini yako kila jioni na sio mwisho wa mwezi. Na uulize kadi ya pikipiki imeandikwa jina la nani. Kama sio lako, anzia hapo kabla ya hayo mengine yote, alafu niandikie tena.