Swali la lugha: Bodi "iliyotengenezwa", osileta "iliyofungwa"

Swali: Mimi ni mkufunzi wa elektroniki hapa Mwanga, Kigoma. Katika ripoti ya mafunzo niliandika hivi: "Nilitengeneza bodi ya osileta iliyofungwa kwa awamu, kisha nikaibadilisha." Mwenzangu wa Tabora alipoisoma alielewa kwamba nililetewa bodi mbovu nikaiponya, nikaifunga mahali pake hatua kwa hatua, halafu nikaiondoa na kuweka nyingine. Mimi nilikusudia osileta (saketi inayozalisha mawimbi ya umeme) ambayo kwa Kiingereza huitwa phase-locked, na bodi yake niliiunda mwenyewe kuanzia ubao mtupu, na baadaye nikabadili vigawanyi vya masafa (idadi ya mawimbi kwa sekunde) na kapasita ya chujio. Kosa langu liko wapi?

Jibu: Sentensi yako haina kosa la sarufi. Iliyompotosha mwenzako ni maana ya pili iliyomo katika kila kitenzi ulichotumia, maana ambayo kwa mtu wa karakana ndiyo inayosikika kwanza.

Tuanze na "kutengeneza". Ukisema seremala ametengeneza meza, kila mtu anaelewa kwamba meza haikuwapo, sasa ipo. Lakini ukisema fundi ametengeneza redio, hakuna anayefikiri kwamba redio hiyo ni mpya. Kitu ambacho kwa kawaida hununuliwa kikiwa kizima, na bodi ni mojawapo, kikitajwa pamoja na kitenzi hiki huonekana kimetoka kuugua. Kwa hiyo andika "niliunda". Waunda mitumbwi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hawachanganyi kuunda chombo na kukiziba kinapovuja, nawe huna sababu ya kuchanganya.

Neno "awamu" ni gumu zaidi. Katika Kiswahili cha Tanzania tunalisikia kila siku katika awamu za serikali na za miradi, na likitanguliwa na "kwa" huwa na maana moja tu, yaani kufanya jambo kipande kwa kipande. Shule yaweza kujengwa kwa awamu. Osileta haiwezi kufungwa kwa awamu bila msomaji kuona skrubu zikikazwa leo na nyaya zikiunganishwa wiki ijayo. Napendekeza utumie "fezi", neno ambalo mafundi umeme wanalo tayari katika umeme wa fezi tatu. Hata hivyo, kwa kuwa fundi huyohuyo huita fezi ule waya wenye moto, akiutofautisha na nyutro, andika "fezi ya wimbi" pale unapolitaja mara ya kwanza, ili ijulikane kwamba unazungumzia mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake.

Sasa kitenzi chenyewe, "kufunga". Fundi hufunga redio kwenye gari, mwenye duka hufunga duka, na kwa wote wawili kazi ikishafanyika imekwisha. Kinachotokea ndani ya saketi yako hakiishi. Kwa maelezo yaliyomo katika ripoti yako, fuwele ya kwatzi inatoa megahezi 10, masafa hayo yanagawanywa kwa 100 ili yapatikane kilohezi 100, na upande wa pili osileta inayotawaliwa na volteji inatoa megahezi 98.1, ambazo zikigawanywa kwa 981 huleta kilohezi 100 vilevile. Kilinganishi kinapima fezi za mawimbi hayo mawili. Moja likianza kutangulia, hata kwa sehemu ndogo ya mzunguko, kinatoa volteji ya kusahihisha, ambayo inapita kwenye chujio linaloilainisha na kuirudisha osileta kwenye mstari. Saketi haiachi kulinganisha wala kusahihisha muda wote inapokuwa na umeme.

Kitenzi kinachobeba hali hiyo tunacho, nacho ni "kufungamana". Kiambishi -am-, ambacho wanasarufi hukiita kauli ya kutendama, huonyesha kitu kukaa katika hali fulani, kama katika gandama na fichama. -An- huonyesha kwamba hali hiyo ni ya pande mbili. Watanzania wa rika langu tulikizoea kitenzi hiki katika siasa, tuliposikia habari za nchi zisizofungamana na upande wowote, ambazo wakuu wake walifanya mkutano wao wa kwanza Belgrade mwaka 1961. Nchi inayofungamana na upande haijafungwa kwa kamba. Inakwenda upande huo unakokwenda. Ndivyo osileta yako inavyoifuata fuwele, na sioni neno jingine linalolisema jambo hili vizuri kiasi hicho. Basi kifaa kiitwe "osileta ya fungamano la fezi", hali yake ielezwe kwa "fezi zimefungamana", na kazi inayofanywa na saketi iwe "kufungamanisha".

Hii haina maana kwamba karakanani mseme hivyo. Tunasema redio imeshika stesheni, kwa hiyo mwanafunzi anayeangalia mita na kutangaza "imeshika", kisha "imeachia" baada ya muda, amesema Kiswahili safi, na ningefurahi kuona maneno hayo mawili yakiingia hata katika ripoti, mahali panapohusu tukio na si jina la kifaa.

Kuhusu "nikaibadilisha", tatizo ni kile kiambishi -i- cha yambwa, kinachosimama badala ya bodi nzima. Kapasita hubadilishwa, yaani huondolewa ikawekwa nyingine. Bodi yako ilibaki ileile. Wengine wangeandika "nikairekebisha", lakini kurekebisha hudokeza kwamba kulikuwa na hitilafu, na "nikaiboresha" ni dai linalohitaji vipimo. Ripoti yako inasema ulitaka hatua ndogo zaidi za masafa, yaani kuweza kuyabadili kidogo kidogo, ukazipata, lakini ukaona osileta inashika polepole kuliko mwanzo: hiyo ni faida na gharama kwa pamoja. "Nikaifanyia mabadiliko" haidai zaidi ya yaliyotokea.

Jambo dogo la mwisho: katika ripoti umeandika "masafa hii" mara mbili. Masafa huchukua upatanisho wa ya-, kwa hiyo ni "masafa haya", "masafa yamepanda". Osileta na bodi hazichukui ma- katika wingi.

Ningeiandika sehemu hiyo ya ripoti hivi: "Niliunda bodi ya osileta ya fungamano la fezi ya wimbi, inayotoa megahezi 98.1 kutokana na fuwele ya megahezi 10. Baadaye niliifanyia mabadiliko: masafa ya kulinganisha yalishushwa kutoka kilohezi 100 hadi 25, kigawanyi cha fuwele kikatoka 100 kikawa 400, cha osileta kikatoka 981 kikawa 3,924, na kapasita ya chujio ikabadilishwa kwa iliyo kubwa zaidi. Tangu hapo osileta inachukua muda mrefu zaidi kushika."