Sentimita 45 za pazia

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Ni badiliko gani dogo lililoipendezesha nyumba yako, na lilikugharimu kiasi gani?" Langu ni sentimita 45. Nilipandisha bomba la pazia la sebuleni kwa kipimo hicho, na mengine yote nitakayoyasema hapa yalifuata nyuma yake kama mabehewa.

Mimi ni fundi mapazia, Ngamiani, Tanga. Mwaka wa 14 huu naingia sebule za watu na futikamba mfukoni, lakini ukiniuliza kwangu kulikuwaje, mganga hajigangi. Dirisha langu lilikaa miaka na kanga iliyopitishwa kwenye waya. Waya ukilegea kanga inalala katikati kama tumbo la ng'ombe. Napanda kiti, nakaza, nashuka, narudi kwenye cherehani kushona pazia la mtu mwingine. Siku mteja mmoja alipoghairi na kuniachia bomba lake, baba watoto akasema, "Hilo nalo likienda kufungwa kwa mtu, mimi nahama."

Nikalifunga. Lakini sikulifunga pale wanapolifunga wengi.

Madirisha ya nyumba zetu nyingi huishia usawa wa mlango, mita 2 na kitu kutoka chini. Hapo pana linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya dirisha, na juu ya linta ni ukuta mtupu hadi dari. Fundi mvivu hufunga bomba palepale juu ya fremu, kisha hukata pazia liishie shubiri moja chini ya dirisha. Nasema fundi mvivu nikijua ninayemsema, maana nilianza hivyohivyo. Nilimshonea mwalimu mmoja mapazia ya namna hiyo, tena ya pamba ambayo sikuiloweka kabla ya kukata. Yalipofuliwa mara ya kwanza yakanywea, yakabaki yananing'inia kama suruali ya mtu anayevuka mto. Nilimshonea mengine bure, na tangu hapo kitambaa cha pamba hakigusi mkasi wangu kabla hakijalala kwenye ndoo ya maji usiku mzima.

Mtu akiingia ndani, macho hufuata mkunjo wa pazia. Mkunjo ukianzia karibu na dari ukateremka hadi sakafuni, macho yanapanda na kushuka ukuta mzima, na chumba kinaonekana kirefu kuliko kilivyo. Ukianzia katikati, chumba kinakatwa kiunoni. Ndiyo maana sipendi pia ule ukuta uliogawanywa mara mbili, chini rangi ya mafuta ya kahawia, juu krimu. Kwenye korido ya shule naelewa, watoto wana mikono yao. Kwenye sebule ya mita 3 kwa 4 unajifinya mwenyewe.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Dari yangu iko mita 2.7. Bomba nimeliweka sentimita 10 chini yake, zile 45 juu ya pale wanapolifunga wengi. Dirisha lina upana wa mita 1.5, nikaliacha bomba lizidi sentimita 20 kila upande, jumla mita 1.9. Hapo ndipo wateja wengi wanapoharibu: wanapima dirisha badala ya bomba, halafu wananunua kitambaa cha upana uleule. Pazia likifungwa linanyooka kama shuka kwenye kamba. Ili mikunjo ikae, kitambaa kiwe mara mbili ya bomba, kwa hiyo mita 3.8, nilinunua 4. Urefu haukunisumbua, kwa sababu vitambaa vingi vya mapazia huja na upana wa mita 2.8, na upana huo ndio unaogeuka kuwa urefu. Zile sentimita 20 za pembeni si madoido. Pazia likifunguliwa linakaa juu ya ukuta, kioo chote kinabaki wazi na upepo unapita. Anayeijua Tanga ya Januari hahitaji kuelezwa zaidi.

Kutoboa, mkimbie linta. Ni zege na nondo, na drili ndogo italia tu. Panda kwenye tofali, weka plagi za plastiki ndipo skrubu, kwa sababu tofali za mchanga humeguka na bomba likidondoka usiku mtaa mzima utaamka. Kwa wapangaji wenzangu: mwombe mwenye nyumba kwanza. Wangu alikataa mara mbili. Ya tatu nikampelekea mkewe pazia la jikoni.

Gharama, maana mliuliza. Kitambaa 36,000, plagi na skrubu 2,000, bomba nililiokota kama nilivyosema. Baadaye nikaongeza balbu mbili za 8,000 na katani ya 3,000. Jumla 49,000. Ushonaji bure, fundi ni mimi.

Sasa nije kwenye kitu ambacho pazia lilinifundisha na sikukitarajia. Lilipokaa vizuri, vitu vingine vyote vya sebuleni vikaanza kunichukiza. Kalenda ya mwaka juzi. Saa ya ukutani iliyosimama saa nne na dakika kumi. Maua ya plastiki juu ya friji, na chini ya maua kitambaa cha kufuma, na juu ya redio kitambaa cha kufuma, na juu ya kila mgongo wa kochi kitambaa cha kufuma. Hivyo vitambaa alivifuma marehemu mama yangu, kwa hiyo msinione sina adabu. Lakini 11 kwenye chumba kimoja!

Nilikumbuka mama mmoja wa barabara ya 12 aliyeniita nikampimie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pazia hizi zimenichosha, nataka za maua makubwa."

Nikasimama mlangoni. Seti ya makochi ya watu saba, kabati la vyombo, meza ya kioo, friji, televisheni, na zulia la manyoya ambalo miguu ya makochi ilikuwa imeshalikanyaga pande zote nne. Sikuona pa kuweka mguu, sembuse maua makubwa. Nikamwambia, "Mama, pazia hazina kosa. Toa kochi moja."

"Kochi gani?"

"Lolote."

Akacheka mpaka akakaa. Wiki ya pili akanipigia: lile la pembeni limehamia chumbani, sasa mlango unafunguka hadi mwisho. Hakunipa kazi ya mapazia, ila amenipelekea wateja watatu.

Wazee wa pwani walilimudu jambo hili kwenye vyumba vyembamba kuliko vyetu. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina mwisho wake wa urefu, ndiyo maana vyumba vyake vina upana wa mita 3 hivi au pungufu, halafu virefu kama mkeka. Badala ya kuvijaza, walikwenda kwenye ukuta wa ndani kabisa wakaujengea zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, na humo wakaweka sahani za kaure kutoka Uchina. Kuta nyingine nyeupe tupu. Mgeni akiingia anajua pa kutazama.

Sina zidaka wala kaure. Nina ukuta unaoelekea mlango, nikauachia kitu kimoja: kibao cha Tingatinga, ndege wawili kwenye rangi ya bluu, nilichonunua Dar es Salaam zamani na kukificha nyuma ya kabati. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza mwaka 1968 kwa kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya baiskeli, kwa hiyo nani kakwambia picha nzuri lazima iwe na fremu ya dhahabu? Nikakitundika katikati yake iwe kama mita 1.5 kutoka sakafuni, mtu akisimama anatazamana nacho. Picha zetu nyingi tunazitundika juu mno, kama ya Rais ofisini.

Taa nitasema kwa kifupi kwa sababu watu hawanisikii. Kwenye boksi la balbu pana namba. 6500K ni mwanga mweupe wa duka la dawa, unamfanya kila mtu aonekane ametoka kuugua. 2700K au 3000K ni wa manjano, unalainisha ukuta na sura. Niliweka hiyo sebuleni, moja darini, moja kwenye taa ya mezani pembeni ya kochi, na saa moja jioni nazima ya darini. Jikoni na anaposomea mtoto acha nyeupe. Sitaki ugomvi na mafundi wa jipsamu, ni wenzangu, lakini ile dari ya ngazi tatu yenye taa za bluu zinazozunguka, juu ya kochi bado limevaa naironi la dukani, mimi huwa nainamisha uso nijifanye napima.

Katani sasa. Mkonge ulifika kwetu mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeleta miche, na Tanga ikajulikana duniani kwa zao hilo. Lakini ingia nyumba za Tanga utafute katani. Utakuta vifungio vya pazia vya plastiki vyenye shanga, vimesafiri bahari nzima. Nilichukua kamba ya katani, nikasuka vifungio vyangu kwa mashada matatu kama nywele za mtoto wa shule, nikafunga mafundo miishoni na kuacha nyuzi zichanue. Zilizobaki nikazungushia ndoo ya rangi iliyoisha, nikipaka gundi ya mbao kila mizunguko mitano, nikapandia humo mmea mvumilivu wa kiu, maana huo hata ukisahau kuumwagilia wiki mbili haununi. Toboa tundu chini ya ndoo kabla hujaanza kuzungusha kamba. Mimi nilikumbuka mwishoni.

Chini nikatoa zulia nikatandika mkeka wa ukindu wa rangi tatu. Unafagika, unaanikwa, na ukimwagikiwa chai hakuna kilio. Mume wangu alilalamika kwamba sebule imekuwa kama ya bibi yake. Nikamwuliza kama hiyo ni sifa au ni tusi, akasema bado anafikiri.

Kilichobaki kilikuwa mito ya makochi, na hapa ndipo nilipoharibu.

Doti moja ya kanga inatoa foronya za kutosha. Nilikata kila kipande kwenye mji, yaani ule uwanja wa katikati ya kanga, ili ua likae katikati ya mto, pindo nikazipanga pembeni kama fremu, zipu nyuma. Zilipendeza mno, nyekundu na nyeusi dhidi ya pazia la krimu. Na kwa kuwa sipendi kutupa, ule mstari wa jina, yaani msemo wa kanga, nao nikauacha kwenye mto mmoja, ukapita chini kabisa kwa herufi kubwa. Sikuusoma. Kwa fundi, jina la kanga ni sentimita nane za kitambaa.

Jumamosi akaja mama mkwe kutoka Muheza. Akasifia pazia. Akasifia ndege. Akaketi kwenye mkeka, akasema afadhali huu kuliko lile lizulia. Kisha akavuta mto aegemee, akauweka mbali kidogo na macho kama wanavyofanya watu wenye miwani, akasoma kwa sauti, pole pole: "Nilikudhani dhahabu, kumbe adhabu."

Kimya kikapita hapo. Mwanawe akakumbuka ghafla kwamba kuna kitu dukani.

"Huu," akaniuliza, "umemshonea nani?"

Nikamwambia ni wa mteja, mama, umesahaulika hapa. Akanitazama, akatazama mito mingine mitatu ya kanga ileile, akaugeuza upande wa zipu na kuuegemea. Sasa mto huo uko chumbani, upande anaolala baba watoto.

Fundi mapazia,
Ngamiani, Tanga