Malaika walikuwa wangapi kaburini?

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia saa saba usiku. "Dada, shikamoo. Mwenzangu wa hosteli amenionyesha Injili zinavyopingana. Mathayo ana malaika mmoja kaburini, Yohana ana wawili. Nimeacha kuomba." Nilicheka peke yangu gizani, kisha nikalia kidogo. Swali hilohilo ndilo lililonitoa kanisani mwaka 2011.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nafundisha watoto Shule ya Jumapili. Swali nikampelekea mzee mmoja wa kanisa niliyemheshimu kama baba. Hakunijibu. Alisema binti akisoma sana huanza kumhoji Mungu, na Jumapili iliyofuata nikakuta zamu yangu kapewa mwingine. Huwa nasema nimemsamehe. Lakini nikiisikia sauti yake kwenye maombi, tumbo bado linavurugika.

Nisiwachoshe na miaka miwili iliyofuata. Baba akafariki.

Usiku wa msiba tulikaa ndugu wanne kuandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kabla ya kwenda makaburini. Mdogo wangu akasema wauguzi walikuwa wawili. Mimi namkumbuka mmoja tu, yule aliyenishika mkono. Dada akaapa kwamba neno la mwisho la baba lilihusu shamba. Kaka akakataa kabisa: alimwita mama. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyesema kwamba basi baba hakufa.

Tangu usiku ule malaika wa Mathayo na wale wa Yohana hawajanisumbua tena.

Kuna jambo jingine la usiku ule, na hili naliona aibu kulisema. Miaka ya baba ya pombe tuliifunika kwa maneno manne: "alikuwa mtu wa watu." Waombolezaji wote walielewa. Wasifu ndivyo ulivyo, unapaka rangi. Sasa fungua Injili. Petro, mtu mkubwa wa kanisa, anamkana Bwana mbele ya kijakazi. Wanafunzi wanakimbia. Yesu analia msalabani kwamba ameachwa. Wa kwanza kuleta habari za kaburi tupu ni wanawake, katika zama ambazo ushahidi wa mwanamke ulidharauliwa, na Luka anakiri kwamba mitume wenyewe waliona ni upuuzi. Ningekuwa natunga mimi, ningeyafuta yote hayo.

Kwa hiyo ninyi wenzangu mnaopenda kuelewa mnachoamini, someni. Anzeni na Luka 1:1-4, muone mtu anayesema amechunguza. Tazameni majina. Marko 15:21 anamtaja Simoni Mkirene, "baba yao Iskanda na Rufo". Kwa nini atuletee watoto wasiofanya lolote katika habari ile? Ni kama sisi tunavyosema "baba Neema": wanaosikiliza wanamjua Neema. Paulo naye anamsalimia Rufo mmoja katika Warumi 16:13, labda ni huyohuyo. Mwaka 1961 lilipatikana Kaisaria jiwe lenye jina la Pilato. Jiwe halithibitishi ufufuo, msije mkalipigia kelele mimbarani, ila linaonyesha kwamba hatusomi hadithi za sungura na fisi.

Na msifiche magumu! Marko 16:9-20 haimo katika Sinaiticus wala Vaticanus, nakala mbili kongwe za Biblia zilizoandikwa kwa mkono karne ya 4. Mwambieni kijana wenu mapema. Akilisikia kwanza kwa mwenzake wa hosteli, atajiuliza mmemficha mangapi mengine. Wazee wangu, Tomaso alitaka kugusa makovu na Yesu akamwonyesha mikono. Hakumnyang'anya zamu.

Someni tena, nasema. Someni polepole, Injili moja hadi mwisho kabla ya kurukia nyingine.

Yule kijana nilimwanzishia Marko. Jana kafika sura ya 9, kwa baba wa mtoto mwenye pepo, aliyelia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kaniuliza kama inaruhusiwa mtu kuomba hivyohivyo, bila kuongeza kitu.

Nikamjibu kwamba ile miaka miwili niliyoiruka hapo juu, sikuwa na sala nyingine.