Maswali ya wiki: soda ya mgeni, enaji na kitambi

Tangu nigusie mambo ya soda meseji hazikatiki, wengine wananishukuru, wengine wananitukana, na wengi mnauliza kilekile. Anayeuliza "dokta, dawa ya kitambi ni ipi" ajue leo hajibiwi. Halafu mimi sio dokta, nilikuwa afisa lishe, nimeshasema mpaka nimechoka.

Soda moja ina sukari kiasi gani? Naomba jibu fupi. (Msomaji, Nyakato)

Kola ya mililita 350 ina gramu kama 37, vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori unazokula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ndio vizuri zaidi, yaani kama gramu 25, vijiko sita. Kwa hiyo chupa moja umeshamaliza ya leo na ya kesho umeanza kuikopa. Na ukisoma nyuma ya chupa angalia vizuri, mara nyingi wanaandika kwa mililita 100, unaona 10 unafurahi, kumbe wewe umekunywa mara tatu na nusu ya hiyo.

Babu zetu walikula ugali mlima na sato na hawakuwa na vitambi. Leo mnatutisha na vichupa. Hizi si kelele za wazungu tu? (Mzee wa Magu)

Mzee wangu shikamoo. Babu huyo unayemsema alilima na ng'ombe, mnadani alienda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na akipata kiu alikunywa maji au maziwa mgando. Michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, alitafuna, hakuinywa kwa mrija. Hapo ndipo penyewe, mtu akila ugali tumbo linamwambia basi, akinywa soda tumbo halisemi kitu, anakuja kula sahani ileile kama vile hakuna kilichoingia. Sisi ugali tunauhesabu, chupa hatuihesabu. Nimekaa na watu wazima nawauliza jana ulikula nini, wananitajia mpaka kachumbari, ila soda mbili za mchana na chai ya vijiko vinne asubuhi hazimo kabisa, mpaka uulize "na ulikunywa nini?" ndio anacheka.

Na kuna jingine ambalo wazungu hawahusiki nalo. Huku ziwani tunaogopa kukonda. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waliripotiwa hapo Kagera mwaka 1983, na waliokuwa watu wazima miaka ile wanajua tulivyozika. Mtu akipungua kidogo majirani wanaanza kunong'ona, akinenepa anaambiwa amependeza, maisha yamemkubali. Sasa ukimwambia mama wa namna hiyo apunguze kilo kumi unamwambia ajitangazie ugonjwa mtaa mzima. Wanaotengeneza mabango ya uzito wangelianzia hapo, sio kuchora mtu mnene na mstari mwekundu.

Napiga enaji mbili kwa siku, zinanipa nguvu na sinenepi. Kuna shida gani? (Bodaboda, Buzuruga)

Shida ipo. Kafeini iliyomo humo haikupi nguvu, inakufichia uchovu, na uchovu uliofichwa ukiwa kwenye pikipiki na abiria nyuma mimi sitaki kuusikia. Kutonenepa nako sio cheti, mafuta yanaweza kujaa kwenye ini la mtu mwembamba, na meno nayo hayaangalii kilo. Halafu najua kinachoendelea pale stendi, mnaruka chakula cha mchana mnaweka enaji kwa sababu ni buku na haikusimamishi kazi. Ongeza hela kidogo nenda kwa mama ntilie ukale wali maharage, ukae chini dakika kumi.

Maji ya ndimu ya vuguvugu asubuhi yanayeyusha kitambi? (Wengi)

Hapana.

Mgeni akija nimpe nini kama sio soda? Nitaonekana mchoyo. (Mama wa Igoma)

Mama hili nalielewa kuliko unavyodhani. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye semina ya lishe huku Ilemela, nikaenda na glasi na kilo ya sukari, nikasimama mbele nachota kijiko kimojakimoja nahesabu kwa sauti mpaka tisa, nikainyanyua glasi wote waione. Mama mmoja mbele akashika mdomo, "mayu weee!" Nikajiona nimefanya kazi. Haikupita nusu saa mlango unafunguliwa anaingia kijana na kreti mbili, soda za wajumbe, na maji hamna hata chupa moja. Yule mama wa mayu weee ndio alikuwa anagawa, akafika kwangu akaniuliza kwa heshima zote, "we mwenzetu nyeusi au ya orenji?" Nikachukua ya orenji. Nilikuwa na kiu.

Kwa hiyo sikulaumu. Ila mgeni anaheshimiwa kwa kukaribishwa, na maji ya baridi kwenye glasi safi ni karibu. Chai pika bila sukari, bakuli la sukari weka pembeni na kijiko kidogo, ajiwekee mwenyewe, utashangaa wangapi wanaweka kimoja. Tatizo letu chai inafika mezani imeshatiwa sukari na mtu asiyekujua.

Kodi ya soda imesaidia wapi, au ni njia ya kutukamua tu? (Mwalimu, Sengerema)

Imesaidia Mexico. Walianza Januari 2014, peso moja kwa lita, na mwaka wa kwanza manunuzi ya vinywaji vilivyotozwa yalishuka kama asilimia 6, na wenye kipato cha chini ndio walipunguza zaidi. Lakini mimi napenda zaidi ya Uingereza. Walitangaza 2016, wakaanza kutoza Aprili 2018, na kodi inapanda kwa sukari iliyomo, kinywaji chenye chini ya gramu 5 kwa mililita 100 hakilipi kitu. Kampuni zikapewa miaka miwili ya kupiga hesabu, na nyingi zikapunguza sukari zenyewe kabla siku haijafika. Mnywaji anakunywa chupa yake kama kawaida, sukari imepungua na hajahubiriwa na mtu.

Kwetu Tanzania ushuru upo ila unatozwa kwa lita. Yenye sukari nyingi na yenye kidogo zote mlango mmoja, sasa kiwanda kipunguze sukari kwa faida gani? Na usiniambie kodi tu halafu kwenye geti la shule soda ipo na maji ya kunywa hayapo.

Mama ana kisukari na anatumia insulini. Ni kweli asiguse soda hata siku moja? (Msomaji, Buhongwa)

Siku za kawaida asiiguse. Ila nyumbani iwepo moja, yenye sukari, isiwe ile ya sifuri. Siku sukari yake ikishuka, akaanza kutetemeka, jasho jembamba, anaongea ovyo, mpe kama nusu glasi, subirini dakika 15, mpimeni tena, akikaa sawa ale chakula. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Nimesema hivi kwa urefu kwa sababu kuna nyumba zinaficha hata sukari kwa mgonjwa mpaka anaanguka.

Soda za sifuri zinaleta kansa? (Msomaji, Kirumba)

Julai 2023 aspatemi, ule utamu bandia unaotiwa kwenye soda hizo, iliwekwa kundi la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha, na siku hiyohiyo kiwango salama kikaachwa kilekile, mtu wa kilo 70 angehitaji makopo zaidi ya tisa kwa siku kukivuka. Lakini mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani limesema usizitegemee kupunguza uzito. Kunywa maji.

Juisi ya miwa je? Ile ni ya asili, ina tangawizi na ndimu. (Msomaji, Mabatini)

Kwani sukari ya dukani unadhani wanaikamua kwenye haya mawe yetu ya Mwanza?